Mti Mmoja Kwanza

Mlioniomba niandike haya, nadhani mlitarajia niwaeleze namna ya kupogolea na wakati wa kuweka samadi. Hayo nitayagusa. Lakini nawaonya mapema kwamba kuna mambo ya kazi yangu ambayo nimestaafu nayo bila kuyaelewa, na hayo ndiyo yananijia kichwani nikikaa barazani, siyo samadi. Kama yupo atakayeyaelewa akishasoma, anitafute. Bado naishi palepale, nyuma ya kituo cha afya.

Nilizaliwa Busi, kule Kondoa, ambako zamani mvua ikikatika watu walitoka kuangalia shamba limepungua kiasi gani. Udongo wetu ulikuwa na tabia ya kuhama. Kwa hiyo nilipopata ajira ya kutunza bustani katika mji mdogo ulio njiani kati ya Dodoma na Kondoa, nilijiona nimepumzika. Bustani haihami.

Siku ya kwanza mkuu wangu alinikabidhi ufunguo wa stoo na mpira wa maji uliojaa viraka. Akanionyesha kwa kidole: bustani ya stendi, bustani ya kituo cha afya, na msitu wa mlimani. "Vyote hivyo ni vyako," akasema, akarudi ofisini. Nikatazama mlimani. Sikuona msitu. Niliona mlima na vijiti.

Nikaanzia stendi. Nilimkuta mama mmoja wa makamo kapiga magoti katikati ya maua, kanga kaifunga kiunoni, anang'oa majani na kuyarundika pembeni. Nikadhani anachuma mchicha wa bure.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani mama, hapa hairuhusiwi kuchuma."

"Sichumi, napalilia. Wewe nani?"

"Mimi ndiye mtunza bustani mpya. Naitwa Rashidi."

Akanitazama viatu, ambavyo vilikuwa vipya, kisha suruali, ambayo ilikuwa imepigwa pasi. "Basi piga magoti, Rashidi. Bustani haitunzwi kwa kusimama."

Nikapiga magoti. Ndivyo nilivyoanza kazi, na ndivyo nilivyoanza kuchanganyikiwa, kwa sababu hadi jioni nilikuwa nimepokea maagizo mengi kutoka kwa mtu ambaye sikujua ana cheo gani. Kesho yake nikauliza ofisini. Wakaniambia yule ni Mama Tabitha, mkunga wa kituo cha afya, na kwamba ana watu wake wanaojitolea kila Jumamosi. Nikauliza: wao wako chini yangu, au mimi niko chini yao? Mkuu wangu alifikiri kidogo, akasema, "Sasa hilo sijawahi kuliuliza."

Jumamosi ndiyo iliyochaguliwa kwa sababu Ijumaa ilikuwa ya Waislamu na Jumapili ya Wakristo, na kwa Wagogo wazee waliokuwa bado na dini ya mababu siku zote zilikuwa sawa. Walikuja wafumaji wa vikapu, mafundi baiskeli, wake wa watumishi, wauza mkaa (hao nao sikuwaelewa, wiki nzima wanauza miti na Jumamosi wanaipanda). Hakuna aliyelipwa. Nilijaribu mara nyingi kuwauliza kwa nini wanakuja. Wengi walijibu kwa namna moja: "Mama Tabitha kasema."

Baadaye nikaelewa nguvu ya jina hilo. Nusu ya mji alikuwa amewapokea yeye kwa mikono yake. Mtu mzima mwenye ndevu akianza kubisha, Mama Tabitha humwambia mbele za watu, "Mimi nilikushika kabla mama yako hajakushika," na hapo mjadala hufungwa. Mimi peke yangu ndiye ningeweza kubisha, kwa kuwa nilizaliwa Busi, lakini sikuwa na hoja.

Alinifundisha kazi niliyodhani naijua. Chuoni tulifundishwa kumwagilia mche kila siku. Yeye alinishika mkono nikiwa na ndoo. "Usiunyonyeshe kila ukilia," akasema. "Mche ukipewa maji kila siku, mizizi yake inakaa juu inasubiri ndoo. Unyime kidogo, ushuke ukatafute." Mashimo tulichimba kiangazi, wakati ardhi ngumu kama sakafu, ili mvua ya kwanza iyakute yamefumbua mdomo. Mbegu za mkwaju tuliloweka kwanza. Miche ilikaa kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki, hadi ifike kimo cha kiganja na kidole, na kabla ya kuipanda Mama Tabitha aliitoa kivulini na kuiacha juani, ili izoee shida ikiwa bado mikononi mwa watu. Chombo alichokipenda kuliko vyote ni mkasi wa kupogolea, alioutunza kama vile alivyotunza vifaa vyake vya wodini: kuosha, kukausha, kufunga kwenye kitambaa. Mimi nilipenda sururu. Katika udongo wa huku, anayependa jembe hajawahi kulitumia.

Sururu hizo zilitoka duka la Bwana Swalehe. Huyu alikuwa mtu wa mjini hasa, babu wa babu yake alifika na misafara ya zamani akaona panafaa biashara. Alikuja kila Jumamosi na kofia safi na chupa ya chai, akachagua kivuli, akatoa maoni. Miaka miwili nilidhani ni mvivu. Kumbe watu waliochelewa aliwafuata yeye majumbani, na miche iliyokufa aliibadilisha yeye katikati ya wiki, peke yake, bila kumwambia mtu. Nilimfuma siku moja kalowa jasho. Akaniomba nisiseme. Nikamuuliza kwa nini. "Wakijua," akasema, "wataacha kunibishia." Hilo pia liwekeni kwenye fungu la mambo nisiyoyaelewa.

Kilichotuhangaisha wote kilikuwa korongo. Lilianzia chini ya mlima, na kila masika lilijivuta kuelekea mjini. Nilipoanza kazi lilikuwa mbali na kituo cha afya kiasi kwamba watoto walicheza mpira katikati. Miaka ikapita, uwanja ukapungua, wakawa wanacheza mpira wa watu wachache. Ng'ambo ya ule uwanja ilikuwepo wodi ya wazazi. Kwa hiyo vile vijiti vya mlimani havikuwa pambo. Mama Tabitha hakupenda hotuba, lakini kila mgeni alimpandisha mlimani, akamgeuza atazame chini: hili hapa korongo, ile pale wodi. Kisha akampa sururu.

Vijiti vikawa vichaka, vichaka vikawa miti. Migunga ilitangulia, mikwaju ikafuata kwa mwendo wake wa kiungwana, miarobaini ikaota hata pale ambapo hatukuipanda. Majani yaliyoanguka yakaanza kuushika udongo. Asubuhi moja ya kiangazi nilisimama stendi, abiria akaniuliza, "Mzee, ule msitu unaitwaje?" Nikashindwa kumjibu. Si kwa sababu ya jina. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu asiyetujua akiuita msitu.

Mama Tabitha alikuwa ameshastaafu ukunga wakati mambo yalipoanza kugeuka. Mwanzoni ilikuwa kidogo kidogo. Aliita mgunga mkwaju. Hatukushangaa, maana huku kwetu mti mmoja una jina la Kigogo, la Kirangi na la Kiswahili, na nilikuwa nimezoea kuchanganywa. Mkasi wake ukapotea, akalalamika umeibwa, tukaukuta umezikwa kwenye shimo la mche, umefungwa vizuri ndani ya kitambaa chake. Tukacheka. Yeye hakucheka.

Kisha kiangazi kimoja, vumbi likiwa limefika kwenye kope, alitupandisha hadi mgongo wa mlima, upande wa nyuma kabisa, ambako njia ya ng'ombe hupita kwenye tandiko, pale mgongo unapobonyea kati ya mlima wetu na mwingine.

"Chimbeni makinga maji hapa," akasema. "Marefu, kutoka jiwe lile hadi kwenye ule mti."

Bwana Swalehe alikuwa amepanda na chai yake. "Mama Tabitha, korongo liko mbele, huku ni nyuma."

"Maji yanapita hapa."

"Maji gani, mama?"

"Ya jana. Hukuyaona? Yamepita hapa yamebeba ndama."

Tulitazamana. Jana hata wingu halikuwepo. Mvua ya mwisho ilikuwa imeshasahaulika. Mwalimu Joyce, ambaye alikuwa amehamia shule ya msingi mwaka ule na alikuwa bado anauliza maswali, akasema kwa upole, "Mama, jana si kulikuwa na jua tu?" Mama Tabitha akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyepata homa.

Watu wakachimba. Wakinung'unika, lakini wakachimba. Nami nikachimba, nikiwaza kwamba nguvu ile ingetosha kuziba korongo mbele. Tukatengeneza tuta na mfereji, tukapanda nyasi juu yake kwa ajili ya heshima.

Mvua za mwaka ule zilikuja kwa hasira. Siku moja iliteremka mvua ambayo wazee walisema hawajaiona tangu wakiwa watoto. Ilipopungua tulikimbia mlimani, mimi, Mwalimu Joyce na Bwana Swalehe na mwavuli wake. Kwenye lile tandiko tulikuta ziwa. Maji ya mlima wa pili yalikuwa yamevuka kufuata njia ya ng'ombe, yakagonga tuta letu, yakasimama. Taratibu yalikuwa yakigeuka kuelekea bondeni kwenye mbuga, ambako hayana ubaya na mtu. Bila tuta lile yangeshuka yote upande wetu, yakaingia kwenye korongo, na sidhani kama ukuta wa wodi ungebaki. Wodini mle siku ile walikuwemo kina mama na watoto wao.

Bwana Swalehe akafunga mwavuli ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha. "Jana," akasema. "Kasema ni ya jana."

Nimeliwaza neno hilo kuliko neno lolote nililoambiwa kazini. Pengine alipokuwa mtoto aliona mafuriko yale yale, ndama akichukuliwa, na ugonjwa ukamsogezea siku ile karibu kama jana. Pengine alisoma umbo la ardhi kwa jicho lake la miaka yote na mdomo ukakosa maneno ya kueleza. Nilimuuliza. Akanijibu kwamba hajawahi kuchimba mfereji, yeye ni mkunga.

Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumbishia, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Alisema tumwagilie barabara, tukamwagilia. Alisema tupande vitunguu kati ya maua ya stendi, tukapanda, wasafiri wakavila. Miarobaini ya kituo cha afya aliagiza ikatwe vichwa katikati ya kiangazi kikali, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amenikanya nisilifanye kamwe. Nikamkumbusha. Akasema, "Nani kakudanganya?" Tukaikata. Baadhi ikafa, na baadhi ikachipua kwa nguvu ambayo sijaielewa hadi leo.

Jumamosi moja nilichelewa, toroli lilipata pancha. Nilipokaribia mteremko wa mlima niliwaona watu wameinama kwenye mstari kama siku ya kupanda, nikafurahi. Nilipofika nikaona wanang'oa. Miche ya mikwaju tuliyoipanda mwanzoni mwa mvua za msimu ule ilikuwa imelazwa mafungu mafungu, mizizi juu.

"Mnafanya nini?" nikauliza.

Mwalimu Joyce alikuwa na miche mikononi na machozi machoni. "Mama kasema tung'oe, baba."

"Kasema kwa nini?"

"Sijamuuliza. Mara ile ya makinga maji niliuliza, nikaaibika."

Nikapanda hadi alipokuwa Mama Tabitha. Alikuwa anang'oa kwa ustadi, akitikisa udongo, akilaza. Mikono yake haikuwa imesahau kitu.

"Mama, hii ni mikwaju yetu. Tumeipanda juzi tu, mimi na wewe."

"Haya magugu," akasema. "Mti gani unajipanga mstari kama wanafunzi? Msitu umeuona wapi una mistari?"

Nikageuka nikatazama ule mteremko. Kweli, miti yetu yote ilikuwa kwenye mistari. Kwa muda kidogo, na hili nalisema mlipime ninyi, nilihisi anachosema kina maana, kwamba tumekosea tangu mwanzo, na kwamba yeye ndiye pekee anayeona.

"Lakini Mama," nikasema, "tukiing'oa maji yatashuka. Korongo lile, wodi ile."

Akainua uso. Hapakuwa na ukali. Ilikuwa sauti yake ya wodini, ile ya kumwuliza mgonjwa aliyeletwa na watu asiowajua. "Samahani baba, wewe ni nani?"

Nilikuwa nimefanya kazi naye tangu viatu vyangu vikiwa vipya. Nyuma yangu watu walikuwa wameacha kazi, wananisubiri mimi, mwajiriwa, niseme neno la ofisi. Neno la ofisi halikuwepo.

Ni Bwana Swalehe aliyetuokoa. Alipaza sauti kutoka kivulini, "Mama Tabitha! Shuka, chai imeiva!" Chai haikuwa imeiva. Siku ile hata chupa alikuwa ameisahau dukani. Lakini Mama Tabitha akajifuta mikono, akashuka, na Bwana Swalehe akamchukua polepole kuelekea mjini akimsimulia bei ya misumari. Sisi tukarudisha miche ardhini haraka, tukaimwagilia, tukaifunika kwa matawi. Mingi haikupona.

Jumatatu tukakutana barazani kwa Bwana Swalehe, bila Mama Tabitha. Kila mmoja aliongea akitazama sakafu. Fundi baiskeli mmoja akasema lazima azuiwe kupanda mlimani. Mwingine akamjibu, "Nenda ukamzuie wewe, wewe aliyekupokea kwa mikono yake." Mwalimu Joyce akasema tumpende lakini tusimsikilize. Bwana Swalehe akatikisa kichwa.

"Tungefanya hivyo mwaka ule," akasema, "wodi ingekwenda. Niambieni lipi la ugonjwa na lipi la ujuzi, nami nitawaambia lipi tusilisikilize."

Hapo akaingia Tabitha mwenyewe, binti wa Mama Tabitha, ambaye tulikuwa tumempigia simu. Yeye ana kibanda cha chakula Kizota, kule Dodoma mjini, anawapikia mafundi wa gereji, na alikuja na basi la asubuhi bado ananukia vitunguu. Akatuamkia wakubwa wote, shikamoo moja moja, ndipo akakaa.

"Hospitali Dodoma walishaniambia," akasema. "Ugonjwa wa kusahau. Hauna kurudi nyuma. Nikija nyumbani nakuta anatia chumvi kwenye chai, anatafuta watoto wachanga awaogeshe. Nikimficha ndani analia. Nilitaka kumchukua Kizota, ila kule hakuna hata jani, kuna chuma tu."

"Sasa unatushauri nini, mwanangu?" akauliza Bwana Swalehe.

"Msimkatalie kuja. Jumamosi ndiyo siku anayoijua. Ikipita bila yeye kupanda mlimani, wiki nzima anakuwa hana kichwa wala mkia."

"Na akisema tukate msitu?"

Tabitha akasema, "Mimi sijui, wazee wangu. Mimi ni mpishi. Chakula nisichokijua napika kidogo kwanza."

Hapo ndipo kanuni yetu ilipozaliwa, na kama mtachukua kitu kimoja tu katika maandishi haya, chukueni hiki. Kila agizo la Mama Tabitha tutalitekeleza siku hiyohiyo, mbele yake, kwa heshima zote, ila kwa mti mmoja. Akisema kata, tutakata mmoja. Akisema ng'oa, tutang'oa mmoja. Kisha tutasubiri msimu upite. "Mti mmoja kwanza, Mama," tutamwambia, "tuone unavyopokea." Tulihofia atakataa. Jumamosi ya kwanza nilipomwambia, akanipiga bega. "Ndiyo," akasema. "Hata dawa mpya unampa mgonjwa kidogo." Sijui kama alinijua.

Msidhani kanuni ilitutoa kwenye giza. Ilipunguza hasara tu. Mkwaju mmoja tuliupanda kichwa chini, mizizi hewani, na ukafa kama ilivyotegemewa. Mgunga mmoja tuliufunga kanga, na ukaendelea kuishi, kwa kuwa mgunga haujali. Siku nyingine aliagiza tuurundikie mche mawe shinani hadi ukaonekana kama kaburi. Watu waliokuwa wakipita waliuliza nani kazikwa. Kiangazi kile miche ya jirani ilinyauka, na ule wa kwenye mawe ukabaki kijani. Mwalimu Joyce akasema mawe yanazuia unyevu usipotee. Bwana Swalehe akasema ni bahati. Mwaka uliofuata tukarundikia mawe mteremko mzima, na miche mingi ikapona, isipokuwa upande mmoja ambako nge walijaa chini ya mawe na wajitoleaji wakagoma. Kwa hiyo hata pale alipokuwa sahihi, usahihi wake ulituuma.

Ama ile mistari, nayo tuliiacha. Tukaanza kupanda hapa na pale, popote udongo ulipokubali. Ikiwa ni ujuzi wake au ni uchovu wetu wa kunyoosha kamba, siwezi kuapa.

Korongo lilisimama. Halikuzibika, lakini limesimama, na kwenye kingo zake pameota majani. Ile wodi bado ipo. Wajukuu wangu wawili wamezaliwa humo.

Mwezi wa mwisho kabla sijastaafu, Tabitha alikuja kumwona mama yake na tukampandisha mlimani pamoja, tukimshika huku na huku. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Tulipofika kwenye kivuli cha mikwaju mikubwa akasimama, akapapasa gome la mti mmoja, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Nani kapanda hii?" akauliza.

"Ni wewe, Mama," nikasema. "Wewe na watu wako."

"Mimi?" Akacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyesingiziwa jambo la heshima. "Mimi nazalisha, baba. Sina muda wa miti." Akaupapasa tena mkwaju. "Lakini wamejitahidi. Wape hongera."

Tabitha aligeuka pembeni akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Tulikuwa tumeanza kushuka Mama Tabitha aliponivuta mkono. Alikuwa anatazama ng'ambo ya bonde, kwenye ule mlima wa pili, mtupu, mwamba mtupu unaong'aa jua likiupiga.

"Na kule?" akasema. "Mbona hamjaanza?"

"Kule ni mwamba, Mama. Hakuna udongo."

"Waliotangulia wameshachimba. Nimewaona asubuhi." Kisha akauliza kama basi limeshafika, na hakusema neno jingine la miti.

Sherehe yangu ya kuagwa ilikuwa nzuri, nilipewa saa ya ukutani na soda. Jumamosi iliyofuata niliamka mapema kwa mazoea, nikakaa kitandani nikijiuliza sasa mimi ni nani pale mlimani. Si mwajiriwa tena. Nikavaa viatu vya zamani, nikaenda. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mwalimu Joyce, ambaye sasa ndiye anayewapanga watu, akanipa mche niubebe kama mtu mwingine yeyote.

Nikawaeleza habari ya mlima wa pili. Nilidhani watacheka.

"Unasemaje wewe?" akauliza Bwana Swalehe, ambaye siku hizi anatembea na fimbo. "Ni ugonjwa au ni ujuzi?"

"Sijui."

"Miaka yote hii hujui?"

"Nilikuwa najua kidogo zaidi nilipoanza."

Akauma mdomo, akatazama ng'ambo. "Waliotangulia," akasema. "Wameshachimba." Akaanza kushuka bondeni na fimbo yake, tukamfuata.

Juu ya mwamba hapakuwa na dalili ya mtu kuchimba, wala leo wala jana. Tulizunguka tukitafuta. Mwishoni Mwalimu Joyce alichagua ufa mmoja wenye mchanga kiasi cha kujaza sahani, akainua sururu, akapiga. Ikaruka cheche. Akapiga tena, likatoka jiwe. Chini ya jiwe hilo palikuwa na jiwe jingine. Akajifuta jasho, akanitazama, kama kwamba mimi ndiye mwenye kujua tuendelee au turudi.

Nikaweka mche chini kivulini mwangu, nikampokea sururu.